Barua ya Kuhama Upande

Wivu wa jirani una dawa yake: unafunga dirisha, yamekwisha. Wivu wa ndugu wa tumbo moja ndio balaa, kwa sababu huo unakaa nao meza moja na unaumiminia chai. Kama hamniamini, mwulizeni Katibu. Ila hatawajibu, namjua.

Katibu si jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na wanawake wa tawi la chama cha Ngazi, aliowaandikia mihutasari ya vikao miaka kumi na mmoja bila kukosa hata kikao kimoja. Riziki yake nayo ilikuwa maneno. Alikuwa na duka dogo mkabala na mahakama, lenye kompyuta, mashine ya fotokopi na benchi la wateja, na watu walikuja kuandikiwa barua za kuomba kazi, za kuomba radhi na za kukata rufaa. Mtaani ilisemwa kwamba barua ya Katibu hairudishwi. Koma ikikaa pasipo pake, yeye halali.

Mdogo wake alikuwa msusi. Ndiye wa mwisho kuzaliwa, kwa hiyo nyumbani ni Kitinda hadi leo. Kitinda na vitabu hawaivi chungu kimoja. Tangu shuleni, kila kilichotaka maandishi aliandikiwa na dada yake, hata barua za mapenzi, na aliyezipokea akaishia kumuoa. Kazi ya Kitinda ilikuwa kutia sahihi tu, tena bila kusoma.

"Ukiandika wewe, dada, mimi nisome ya nini?" alikuwa akisema. "Akili ni nywele, na za kwangu ziko vichwani mwa wateja."

Watu walikuwa wakimpenda huyo mtoto! Akiingia mahali, viti vinasogezwa. Katibu akiingia, watu wanakumbuka barua zao. Ugonjwa ulianzia hapo, zamani sana, ila haukuwa na jina.

Sasa sikilizeni hesabu ya Bunge, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Bunge lina wabunge mia mbili na mmoja. Uchaguzi ule, Ngazi walipata mia moja na mmoja, wapinzani wao wa chama cha Kengele themanini na wanane, na wasio na chama kumi na wawili. Yaani Ngazi walitawala kwa kichwa kimoja tu. Mbunge wao mmoja akiumwa tumbo siku ya kura, serikali nzima inashika roho mkononi. Miongoni mwa hao walikuwamo wanawake kumi na wanne wasiogombea majimboni. Chama hupeleka orodha: wa kwanza mpaka wa kumi na nne wanaingia, wa kumi na tano anabaki mlangoni. Mmoja wao akifa, akijiuzulu au akihama chama, aliye mlangoni anaingia.

Wa kumi na nne alikuwa Kitinda. Wa kumi na tano, Katibu.

Na ubaya wenyewe bado sijaufikia. Kitinda hakuwa hata na haja ya ubunge. Kila tawi lilitakiwa kutoa majina mawili, na Katibu ndiye aliyemwambia, "Nisindikize tu, mdogo wangu, orodha ipendeze." Akamsindikiza kweli! Kwenye mkutano wa chama wakalingana kura, sitini na tatu kwa sitini na tatu. Kanuni za chama zinasema kura zikilingana, atangulie aliyerudisha fomu kwanza. Fomu zote mbili alizijaza Katibu kwa mkono wake na alizirudisha Katibu kwa miguu yake, zikiwa zimeshikwa pamoja kwa kibanio. Ya Kitinda ilikuwa juu. Mhuri ukaanza na hiyo.

Angezigeuza tu, jamani! Mara ngapi Katibu alisema hivyo peke yake, akipanga karatasi dukani. Angezigeuza tu.

Basi msusi akawa Mheshimiwa, na Katibu akawa dada yake Mheshimiwa. Wateja waliokuja kwa barua sasa walikuja na salamu: "Mwambie Mheshimiwa tunamkumbuka." Mama yao, aliyekuwa akiishi na Katibu, akila chakula cha Katibu na kulala kitanda cha Katibu, alitaka picha ya Kitinda akiapa itundikwe sebuleni. Msumari ukutani ulikuwa mmoja, na ulikuwa umebeba cheti cha Katibu cha uhazili, cha daraja la kwanza.

"Hicho kiweke kabatini, mwanangu," mama akasema. "Kisipate vumbi."

Katibu akakiweka kabatini. Usoni alitabasamu. Mwenye wivu ajinyonge, wanasema watu. Lakini kamba yenyewe huwa hawaileti.

Akanunua kijitabu cha Kanuni za Bunge, akakisoma mpaka kikaachia jalada. Akajua kwa moyo afya ya wanawake wote kumi na wanne. Wa tisa alipolazwa kwa figo, Katibu alikuwa wa kwanza kumpelekea matunda, akakaa kando ya kitanda akimuuliza maswali marefu kuhusu maumivu. Wa tisa akapona, tena akanenepa. Wa tatu akapata ajali, akatoka bila mkwaruzo. Aliye juu mngoje chini, Katibu alijiambia, na akangoja. Mwaka mzima hakushuka mtu.

Halafu alasiri moja Kitinda akaingia dukani amejifunga mtandio shingoni, pua nyekundu.

"Shikamoo, dada. Nakufa mimi."

"Marahaba. Na nini tena?" Katibu akauliza, na Mungu amsamehe, moyo ulimruka.

"Kiyoyozi! Wamenikalisha chini yake kabisa. Kinanipuliza kisogoni tangu kufungua kikao hadi kuahirisha. Wenzangu wanachangia hoja, mimi nachangia makamasi. Kule upande wa pili hakuna baridi, na nyuma kuna viti viwili vitupu. Niandikie barua kwa Spika."

Katibu akavuta kibodi. Katika ukumbi ule, Ngazi hukaa kulia, Kengele na wasio na chama hukaa kushoto, na mtu hakai upande wa pili kwa sababu ya baridi. Mbunge anayetaka kiti kingine huandika "naomba kubadilishiwa kiti", na atapewa upande wake ule ule. Kuhama upande ni kitu kingine kabisa. Kanuni ya arobaini na moja haina kona: mbunge akimwandikia Spika kwamba anahama upande, atahesabiwa amehama chama, na kiti chake kitakuwa wazi. Katibu aliijua kanuni hiyo kuliko jina la baba yake. Kitinda hakujua hata kama kuna kanuni ya kumi.

"Sema nikuandikie," Katibu akasema.

"Andika basi: Mheshimiwa Spika, mimi nimeamua kuhama upande huu niende upande wa pili. Hapa nilipo siwezi kuendelea kukaa, nateseka."

Vidole vya Katibu vikasimama. Maisha yake yote hajawahi kuandika neno la Kitinda kama Kitinda alivyolisema. Siku zote alimkatiza: si hivyo, haisemwi hivyo, acha nipange. Siku ile aliandika kama alivyosikia, neno kwa neno, koma kwa koma.

"Na ya baridi je?" Kitinda akauliza. "Nitaje baridi?"

"Spika si daktari," Katibu akajibu.

Maneno matatu hayo! Nimeyapima mara nyingi na bado sijapata mizani yake. Kitinda akacheka, akapiga chafya, akatia sahihi bila kusoma, akambusu dada yake shavuni na kumwachia mafua.

Siku nne zilizofuata Katibu hakutulia. Kabatini, karibu na cheti, palikuwa na suti ya rangi ya maziwa aliyoishona wakati wa uchaguzi, bado imo ndani ya plastiki. Akaitoa, akaipiga pasi, akairudisha. Akaitoa tena. Bafuni alikuwa akiapa kwa sauti ya chini: mimi, akitaja jina lake lote, naapa. Mama akamuuliza anazungumza na nani. Akasema anahesabu ndoo za maji. Kisha huruma ikamjia akashika simu amwambie Kitinda airudishe barua, akaangalia ule msumari sebuleni, akaiweka simu chini. Alijiambia hajasema uongo. Yeye ni mpiga chapa, ameambiwa, amepiga. Kosa la nani?

Siku ya tano, asubuhi, simu ikalia yenyewe.

"Dada, njoo Bungeni leo," Kitinda akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, haina mzaha. "Kadi yako nimeiacha getini. Vaa upendeze."

Katibu akavaa suti ya rangi ya maziwa.

Ukumbi wa wageni uko juu, nyuma ya ukuta mfupi wa mbao, na mlangoni pana tangazo: Wageni hawaruhusiwi kusema, kupiga makofi wala kusimama. Katibu alikaa mstari wa mbele, mkoba mapajani. Chini aliwaona wote aliowajua kwa nambari. Wa tisa, na unene wake. Wa tatu. Na pembeni kabisa, chini ya sanduku jeupe la kiyoyozi, mdogo wake na ule mtandio. Kile kiti alikitazama kama mtu anavyotazama nguo yake kwenye kamba ya jirani.

Spika alikuwa mzee wa miwani iliyokaa kwenye ncha ya pua. Akapiga nyundo, akamwita Karani asome barua zilizofika. Ya kwanza ilikuwa ya likizo ya uzazi. Ya pili ilikuwa yenyewe.

Karani aliisoma bila kupanda wala kushuka. Alipofika "nimeamua kuhama upande huu", Kengele walikuwa wameshaanza kupiga meza. "Karibu nyumbani! Karibu, mama!" Upande wa Ngazi mtu akapayuka, "Msaliti!" Kiongozi wao akawa anajifuta uso kwa karatasi za hoja, maana alikuwa amepiga hesabu: mia moja na mmoja toa mmoja, na jioni ile ile palikuwa na kura. Spika akagonga nyundo mpaka mkono ukamchoka.

"Mheshimiwa, barua hii ni yako?"

Kitinda akasimama. Ukumbi ukapoa kidogo.

"Sahihi ni yangu, Mheshimiwa Spika," akasema. "Maneno ni ya dada yangu. Yule pale juu, mwenye suti. Yeye ndiye anayejua yalimaanisha nini."

Vichwa mia mbili vikageuka. Katibu akahisi suti imembana ghafla. Mtoto mjinga, akawaza, mtoto mjinga sana, hata sasa anataka nimwandikie!

Mbunge mmoja wa Kengele akaruka. "Kuhusu utaratibu, Mheshimiwa Spika! Mgeni haongei humu!"

"Haongei," Spika akakubali. Akakuna kidevu. "Ila sioni kanuni inayokataza kichwa kutikisika. Mgeni asimame. Swali ni moja: huyu Mheshimiwa anahama chama? Ndiyo ni juu na chini. Hapana ni kulia na kushoto. Na mtu mwingine asipumue."

Katibu akasimama. Miaka kumi na mmoja ya mihutasari, fomu iliyokuwa chini, cheti kilichomo kabatini, vyote vilimpanda kwa pamoja hadi shingoni. Kutikisa kichwa mara moja tu, naye anashuka ngazi hadi kwenye kile kiti. Hata kusema uongo kwa mdomo hakutakiwa. Chini kule Kitinda alimtazama tu, hakumkonyeza wala hakumsihi. Alimtazama kama alivyokuwa akimtazama zamani alipomnyooshea mguu amfunge kamba za viatu.

Kidevu cha Katibu kikaanza kushuka.

Ndipo Kitinda akapiga chafya. Moja, kubwa, katika kimya kile. Na midomo ya Katibu ikasema "afya", bila sauti, yenyewe, kama ilivyosema tangu huyo mtoto anatambaa. Akajiona amesimama juu ya watu na suti ya rangi ya maziwa, akimtakia afya mtu anayemzika. Kichwa kikasimama njiani. Kikaenda kulia. Kikaenda kushoto. Kikaenda tena, na tena, mpaka Spika akasema, "Inatosha, mama, tumekuelewa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Karani akaambiwa aiweke barua kando, Kengele wakazomea, na jioni Ngazi wakashinda kwa kura moja. Katibu alikuwa ameshaondoka. Suti aliirudisha kwenye plastiki.

Siku ya tatu Kitinda alikuja dukani na kabrasha chini ya kwapa. Ilikuwa taarifa rasmi ya kikao, inayoandika kila neno lisemwalo Bungeni.

"Umo humu," akasema. "Ukurasa wa kumi na nane."

Katibu akalifungua. Aliutafuta mstari, akaupata, ndani ya mabano, kwa herufi za mlalo: *Hapa mgeni mmoja alitikisa kichwa.* Basi. Hakuna jina, wala hakuna ndiyo, wala hakuna hapana. Ameingia Bungeni hatimaye, na ameingia akiwa mgeni mmoja.

"Hawakuandika kilitikisika vipi," akasema. "Uandishi gani huu? Anayesoma atajuaje?"

"Mimi nilikiona," Kitinda akajibu.

Katibu akalifunga kabrasha.

"Karani wa Bunge aliniita asubuhi ile," Kitinda akaendelea, akikaa kwenye benchi la wateja. "Akaniuliza, Mheshimiwa, unajua barua yako inasema nini? Akanisomea na hiyo kanuni. Akaniambia bado naweza kuiondoa. Nikamwambia dada yangu hakosei maneno. Isome."

"Kwa nini hukuiondoa?"

"Nilitaka nijue. Kama ulikosea, ungesema. Na kama hukukosea, nikaona basi, hicho kiti unakitaka kuliko ninavyokitaka mimi. Uchukue tu." Akajifuta pua na ncha ya mtandio. "Dada, kichwa kilianza kushuka."

Katibu angeweza kukana. Mtu gani angebisha, wakati taarifa rasmi yenyewe haijui?

"Kilishuka," akasema.

"Kisha kikageuka."

"Kisha kikageuka. Kitinda, roho iliniuma mwaka mzima. Hata sasa inaniuma. Nikikuona na hiyo beji, nasikia moto hapa." Akajigonga kifua. "Sikuombi unisamehe leo. Nakwambia tu."

Kitinda akatazama nje, mahakamani, ambako watu walikuwa wamepanga foleni. Hakulia, na Katibu alitamani angelia.

"Niandikie barua," akasema mwisho. "Bado nakaa kwenye baridi."

Katibu akavuta kibodi. Aliandika *naomba kubadilishiwa kiti*, akaandika *kwa sababu ya kiyoyozi*, akaandika *upande wangu ule ule*, na kila sentensi aliisema kwa sauti akiipiga. Haijawahi kutoka barua safi kama ile katika mashine ile. Akaichapa, akaiweka juu ya meza na kalamu kando yake, kama siku zote.

Kitinda hakuigusa kalamu. Aliivuta karatasi karibu, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza kusoma. Alisoma polepole, midomo ikicheza, kama mtoto wa darasa la pili. Mteja akaingia, akasalimia, akakaa kungoja. Kidole kikashuka mstari kwa mstari, na Katibu akakitazama kinavyoshuka. Kitinda akasoma mpaka nukta ya mwisho, ndipo akachukua kalamu.